MPIMAJI WA NDEGE ZA UMEME: MTU AMBAYE KAZI YAKE NI KUSEMA KWELI

Ndege mpya inaporuka kwa mara ya kwanza, macho ya watu wote humwelekea rubani. Ndiye apigwaye picha akishuka ngazi, ndiye apewaye mkono na wakubwa, na jina lake ndilo lisomwalo magazetini siku ya pili. Hatumnyimi sifa hiyo, kwani ni haki yake. Walakini yuko mtu mwingine ambaye picha yake haionekani, naye ndiye aliyepanga ndege ile iruke leo wala si jana, ipande mpaka hapa na isizidi, kisha irudi chini baada ya dakika kadhaa, hata kama watazamaji wangali wakitamani kuiona tena. Mtu huyo huitwa mhandisi wa majaribio ya ndege.

Katika miaka hii ambayo ndege zimeanza kuendeshwa kwa umeme wa betri, kazi ya mtu huyu imepata uzito mpya. Twapenda kuieleza leo kwa sababu mbili. Kwanza, ndege hizi zasemwa sana duniani, na mengi yasemwayo ni ahadi. Pili, mna somo ndani yake kwa kila mtu aliyewekwa kupima kazi ya wenziwe, awe apima daraja, au dawa, au hesabu za chama cha ushirika. Ni vigumu kusema "hapana" mbele ya watu wanaongoja kusikia "ndiyo". Na kuna siku ambapo neno hilo moja ndilo liokoalo roho za watu.

Kuuliza kabla ya kuruka

Yafaa kwanza tuondoe kosa moja. Watu wengi hudhani kwamba kujaribu ndege ni kazi ya mashujaa wapandao juu ili waone kama ndege itawaua au itawaacha. Sivyo hata kidogo. Kujaribu ndege ni kuuliza swali dogo, kupata jibu lake, kisha kuuliza lingine lililo kubwa kidogo kuliko la kwanza.

Mhandisi wa majaribio huanza kazi yake miezi mingi kabla ya magurudumu kuacha ardhi. Huketi na wale waliobuni ndege, akawauliza yapi wanayajua kwa kupima na yapi wanayajua kwa kukisia tu. Seli moja ya betri hupimwa peke yake, kisha betri nzima, kisha mota ikiwa imefungwa mahali imara pamoja na rafadha yake, yaani yale mapanga yazungukayo na kuivuta ndege. Hayo yakiisha kuaminika, ndege huendeshwa polepole juu ya ardhi, halafu mbio bila kuruka, halafu hurushwa na kuzunguka kiwanja na kutua. Safari ya pili hupanda kidogo zaidi. Safari ya tatu huenda kasi kidogo zaidi. Hivyo mipaka yake hupanuliwa shubiri kwa shubiri, mpaka ujulikane mwendo wa chini kabisa ambao bawa laweza kuibeba ndege, na mwendo wa juu ambao ukizidi mabawa na mkia vyaweza kutetemeka hata vikavunjika.

Kila swali huandikwa katika kadi. Kadi hutaja urefu wa kuruka, mwendo, uzito wa ndege, upepo unaokubalika, na kitendo atakachofanya rubani. Tena hutaja kipimo ambacho kikifikiwa, jaribio hukatwa papo hapo. Jambo hili la mwisho ndilo kiini cha kazi yote. Kipimo cha kukatia huandikwa mapema, watu wakiwa wametulia mezani, ili asiwepo wa kubishana nacho wakati joto limepanda na muda umekwisha.

Ndege ikiisha kuruka, pengine mhandisi huwa ameketi ubavuni mwa rubani, kadi zikiwa zimefungwa pajani mwake. Pengine huwa chini, katika chumba ambacho habari zote za ndege hufika kwa redio: joto la seli, volti, ampea, mizunguko ya rafadha, na nguvu zinazoyapinda mabawa. Kila mtu chumbani humo ana vipimo vyake vya kulinda. Na desturi ya kazi hii ni kwamba yeyote kati yao, hata aliye mdogo kuliko wote, akiona jambo asilolielewa aweza kusema "acha", na jaribio huachwa kwanza. Maswali huulizwa baadaye. Ofisi ngapi duniani zina desturi kama hiyo?

Umeme umeleta maswali mapya

Mtu aweza kuuliza: kama kazi hii ni ya zamani, umeme umebadili nini? Kwa hakika tamaa ya kuruka kwa umeme nayo ni ya zamani. Mwaka 1883 ndugu wawili Wafaransa, Albert na Gaston Tissandier, walikiendesha chombo cha puto kwa mota ya umeme. Mwaka wa pili yake, chombo kingine cha Kifaransa kiitwacho La France kilisafiri kwa dakika 23 na kurudi mahali kilipoondokea. Lakini ndege yenye mabawa, ikiwa na mtu ndani na nguvu za betri peke yake, haikuruka mpaka tarehe 21 Oktoba, 1973, huko Wels, Austria, na safari yake haikutimia robo saa. Kilichoizuia muda wote huo ni uzito.

Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nguvu zipatazo wati-saa 12,000. Kilo moja ya seli njema za lithiamu za siku hizi ina kama wati-saa 250, yaani mafuta yanazishinda mara 50 hivi. Ni kweli kwamba mota ya umeme hutumia vizuri zaidi nguvu inazopewa, na injini ya mafuta hupoteza sehemu kubwa kwa joto na moshi. Hivyo pengo hupungua. Walakini halizibiki. Tena, ndege ya mafuta huzidi kuwa nyepesi kadiri inavyosafiri, bali ya umeme hutua na uzito ule ule iliorukia. Magurudumu, breki, na urefu wa kiwanja vyote hupasa kupimwa upya kwa ajili ya jambo hilo moja.

Liko jambo la pili lisiloonekana kwa macho. Tangi la mafuta laweza kuchovywa kijiti, na mtu akaona mafuta yaliyobaki. Betri haina kijiti. Kiasi kilichobaki hupatikana kwa hesabu itokayo katika volti, ampea, joto, na umri wa betri yenyewe. Kwa hiyo saa ya betri mbele ya rubani ni maoni ya hesabu, na mhandisi wa majaribio ndiye apaswaye kujua maoni hayo yaaminiwe kwa kadiri gani. Na hapa pana hatari yake. Betri ikikaribia kwisha, volti zake hushuka, na haiwezi tena kutoa nguvu nyingi kwa mara moja. Lakini fikiri, msomaji: ni wakati gani rubani huhitaji nguvu nyingi ghafula? Ni pale anapokaribia kutua, akaona kuna kitu njiani, ikampasa kupanda tena juu. Yaani betri huombwa kazi kubwa kabisa katika saa ambayo imechoka kabisa. Jambo hilo halina budi kupimwa mara nyingi, katika baridi na katika joto, kwa betri mpya na kwa betri kuukuu.

La tatu ni moto. Seli ya lithiamu ikipata joto kupita kiasi huanza kujichoma yenyewe kwa ndani, ikatoa gesi ziwakazo, na joto lake laweza kuiambukiza seli ya jirani, na hiyo ikaiambukiza nyingine. Mwezi wa Mei, mwaka 2018, huko Hungaria, ndege ya umeme ya viti viwili ilianguka ikawaka moto karibu na kiwanja cha Pécs, na watu wawili waliokuwamo wakafa. Januari 2020, huko Prescott, Arizona, ndege ya kwanza ya mfano iitwayo Alice iliungua ikiwa ardhini katika majaribio ya betri. Hata palipokuwa hapana moto, joto limevunja safari. Mwaka 2015 ndege ya jua, Solar Impulse 2, iliruka kutoka Japani hadi Hawaii kwa muda wa karibu saa 118 bila kutua, sifa kubwa isiyokanushika. Lakini betri zake zilipata joto mno siku ya kwanza ya safari, ikabidi ndege ikae chini kwa miezi kadhaa, isiendelee mpaka Aprili 2016.

Yaliyotokea Cranfield

Ili tusiseme kwa jumla tu, na tutazame tukio moja kwa karibu. Tarehe 29 Aprili, 2021, karibu na kiwanja cha Cranfield, Uingereza, ndege ndogo ya aina ya Piper iliyofanyizwa na kampuni ya ZeroAvia ilikuwa katika majaribio. Injini yake ya mafuta ilikuwa imeondolewa na mahali pake pamewekwa mota za umeme. Umeme wenyewe ulitoka pande mbili: katika betri, na katika seli za haidrojeni, yaani chombo kinachopata umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni. Ndani walikuwamo watu wawili. Kadi ya siku ile iliwataka wazime betri wakiwa hewani, ili ndege iendeshwe na seli za haidrojeni peke yake.

Betri ikazimwa. Kwa muda mfupi umeme wa kwenda kwenye mota ukakatika. Lakini rafadha haikusimama, kwani upepo wa mwendo wa ndege uliendelea kuizungusha. Kila mtu aliyepata kuwa na baiskeli yenye dainamo anajua yafuatayo: mota ikizungushwa kwa nguvu za nje hugeuka kuwa kitoa umeme. Rafadha ile ikatoa volti zikarudi nyuma mpaka kwenye inveta, chombo kinachougeuza umeme uwe wa namna itakiwayo na mota. Ndani ya inveta huwamo mlinzi wa kufunga njia volti zinapozidi. Mlinzi akafanya kazi aliyowekewa: akafunga. Mota zikafa zote. Wale watu wawili wakajaribu kuzifungua wasiweze. Ikawa lazima watue shambani. Bawa la kushoto likang'oka. Wao wenyewe, kwa bahati njema, wakatoka wazima.

Idara ya Uingereza ichunguzayo ajali za ndege ilipotoa ripoti yake, ilisema kwamba majaribio ya ardhini hayakutosha kuonyesha jinsi volti zitokazo katika rafadha inayozungushwa na upepo zitakavyomgusa mlinzi wa inveta. Tena utaratibu waliopewa wa kumfungua mlinzi huyo, likitokea la kutokea, haukufaa kitu.

Hatulitaji tukio hili ili tuwacheke waliokuwamo. Kazi mpya huwa na mitego isiyojulikana, na wale watu walikuwa mbele yetu sote katika njia isiyo na alama. Twalitaja kwa kuwa laonyesha wazi mhandisi wa majaribio yuko pale kwa ajili gani. Hapakuwa na kifaa kilichoharibika. Mota ilikuwa nzima, inveta ilikuwa nzima, na mlinzi alikuwa mwaminifu. Lililokosekana ni swali moja, ambalo lingeweza kuulizwa ardhini kwa gharama ya siku chache za kazi. Swali lisipoulizwa chini, litaulizwa juu. Na huko juu jibu lake hutolewa bila huruma.

Ndiyo maana siku hizi majaribio ya hatari zaidi hufanywa mara kwa mara pasipo mtu ndani, ndege ikiongozwa na rubani aketiye chini. Februari 2022 ndege ya umeme ya kampuni ya Joby ilivunjika hewani huko California ilipokuwa ikijaribiwa kwa kasi kubwa. Agosti 2023, nchini Uingereza, ndege ya kampuni ya Vertical ilianguka kiwanjani wakati ilipojaribiwa kuona itakuwaje mota ikizimika. Ndege zote mbili ziliharibika, na hapakuwa na mtu wa kuzikwa. Aliyeamua asipande mtu siku zile alifanya kazi yake.

Ndege ambayo haikuruka

Sasa na tutazame habari ya namna nyingine. Mwaka 2016 shirika la Marekani la NASA lilitangaza ndege ya umeme iitwayo X-57 Maxwell. Ilikuwa ndege ya Kiitaliano ya Tecnam iliyobadilishwa, na nia ya mwisho ilikuwa kuipa mota 14 katika mabawa membamba. Ilikaa Edwards, California, mahali penye sifa kubwa kuliko pote duniani kwa kujaribu ndege. Watu waliisubiri kwa hamu.

Mwaka ule ule wa 2016 betri zake zilijaribiwa ardhini, ikaonekana kwamba joto la seli moja laweza kuenea kwa nyingine. Zikabuniwa upya, zikajaribiwa tena, zikafaulu. Baadaye sehemu za vyombo vya kuongoza mota zikawa zinakufa, zikabadilishwa nazo. Miaka ikapita. Ndipo ikaonekana hatari nyingine katika mitambo ya kuisukuma ndege, hatari ambayo wahandisi waliona kwamba haifai kumpandisha rubani nayo, na kuiondoa kungetaka muda na fedha kuliko zilizobaki. Juni 2023 NASA ikatangaza kwamba X-57 haitaruka kamwe.

Wako waliosema kwamba fedha zimetupwa. Sisi twaona vinginevyo. Shirika lile lilisema tangu mwanzo kwamba shabaha ya ndege ile ni maarifa, nayo maarifa yalipatikana: namna ya kupanga seli ili moto usienee, namna ya kuongoza mota za volti nyingi, na namna ya kupima ndege za jinsi hii kabla ya kuzipa hati. Hayo yameandikwa na kutolewa wazi, na watengenezaji wengine wameyatumia. Lakini lililo kubwa zaidi ni lile lisilowekwa katika hesabu. Baada ya miaka saba ya jasho, mbele ya dunia nzima iliyokuwa ikingoja picha ya ndege ikipaa, watu wale walitazama vipimo vyao wakasema "hapana". Hakuna mjane aliyelia Edwards. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, hawa hawakuficha.

Dakika nane

Msidhani kwamba ni jambo rahisi. Makampuni mengi ya ndege za umeme huishi kwa fedha za watu waliowekeza kwa matumaini, na matumaini hutaka kulishwa picha. Siku ya kuruka ikitangazwa, wageni wakialikwa, ni nani atakayesimama aseme kwamba kipimo namba fulani kimezidi kwa digrii tatu?

Tarehe 27 Septemba, 2022, ndege ya Alice, mfano wa pili, iliyokusudiwa kuchukua abiria tisa, iliruka huko Moses Lake, Marekani. Ilipanda futi 3,500, ikatua salama baada ya dakika 8. Watazamaji waliona ndege ya abiria ya umeme ikiruka, nao hawakukosea. Mhandisi aliona dakika nane za vipimo, na akajua ni mengi kiasi gani yangali hayajulikani. Wote wawili walisema kweli, ila kweli ya pili haiingii katika picha. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kampuni ile ikasimamisha kazi kwa uhaba wa fedha, na wafanyakazi wake wengi wakaachishwa. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi hii: mtu aweza kutimiza wajibu wake barabara na bado akajikuta nje ya lango.

Kwa upande mwingine, subira imelipa. Tarehe 10 Juni, 2020, wakuu wa usalama wa ndege wa Ulaya waliipa hati ndege ya viti viwili iitwayo Velis Electro, ya kampuni ya Pipistrel huko Slovenia. Ilikuwa ndege ya kwanza ya umeme mtupu kupata hati ya namna hiyo duniani. Haina makuu. Uzito wake wote hauzidi kilo 600, watu na mizigo yao wasizidi kilo 172, na hukaa hewani kama dakika 50 pamoja na akiba kidogo. Yafaa kwa kufundishia marubani karibu na kiwanja. Lakini kila namba kati ya hizo imepimwa, na mwanafunzi aipandapo hana haja ya kumwomba mtu radhi.

Watu hawa hupatikanaje

Mhandisi wa majaribio kwanza ni mhandisi: amesoma hesabu, fizikia, mitambo na elimu ya hewa. Kisha wengine hupelekwa katika shule za majaribio ya ndege, ambazo ni chache duniani. Ya kwanza ilianzishwa Boscombe Down, Uingereza, mwaka 1943, wakati wa vita, kwa sababu marubani wengi walikuwa wakifa katika ndege mpya. Ziko nyingine Marekani, kule Edwards, Patuxent River na Mojave, na Ufaransa kule Istres. Katika shule hizo mhandisi na rubani huketi darasa moja kwa karibu mwaka mzima, ili kila mmoja ajue lugha ya mwenziwe. Tangu mwaka 1968 wahandisi hao wana chama chao wenyewe cha kubadilishana maarifa.

Aingiaye upande wa umeme ana mengi zaidi ya kujifunza. Hana budi kujua tabia za seli na kemia yake, na kujua kukaa karibu na umeme wa volti mia kadhaa ambao haumpi mtu nafasi ya kujuta. Lakini walimu wa kazi hii husisitiza jambo lisilo katika vitabu vya hesabu: kuandika. Mhandisi aandika alichotarajia kabla ya kuruka, na alichokiona baada ya kutua, na hawezi kuyafuta ya kwanza ili yafanane na ya pili. Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo mali yake.

Yatuhusuje sisi

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya Ulaya na Marekani. Ni kweli kwamba hufanyika huko. Lakini na tutazame. Tarehe 28 Mei, 2020, ndege ya aina ya Cessna Caravan iliyotiwa mota ya umeme iliruka Moses Lake kwa dakika 30. Caravan ni ndege ile ile inayowachukua watu wetu kwenda Mafia, Unguja, na Serengeti. Huko Kanada, tarehe 10 Desemba, 2019, Bw. Greg McDougall, mwenye kampuni ya Harbour Air, aliirusha yeye mwenyewe ndege kuukuu ya Beaver kwa umeme. Na Agosti 2022 ndege hiyo ilikwenda kilometa 72 kwa dakika 24. Umbali huo wakaribia ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Unguja. Safari fupi za kuvuka maji, ndizo hasa ndege hizi zinazozitafuta.

Basi ipo siku mtu atakuja kwetu na ndege ya namna hii, na karatasi nzuri zenye rangi, atuambie kwamba haina moshi, haina kelele, na gharama yake ni ndogo. Yaweza kuwa kweli yote. Siku hiyo hatutapaswa kushangilia wala kukataa, ila kuuliza. Betri hii imepimwa katika joto gani? Kilichopimwa katika baridi ya Kanada hakitoshi kutujibia mchana wa Februari hapa pwani, ndege ikiwa imeanikwa juani na betri yake ingali na joto la safari iliyopita. Ikishindwa kutua Unguja, ina nguvu za kupanda tena na kwenda wapi? Baada ya kujazwa umeme mara 500, yabaki na dakika ngapi? Na yuko wapi mtu aliyeyapima hayo, na daftari lake li wapi?

Ili kuuliza maswali hayo na kuyaelewa majibu yake, yatupasa kuwa na vijana wetu waliosoma vya kutosha hata wakaweza kutazama namba za mgeni bila kutishika. Hilo haliletwi na hotuba. Laletwa na mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari, chumba cha majaribio chenye vifaa, na desturi ya kumsifu mtoto aliyeandika jibu alilolipima, hata kama halifanani na lile la kitabuni.

Ndege za umeme zitakuja, upesi au polepole. Zitakazodumu hazitakuwa zile zilizotangazwa kwa sauti kubwa kuliko zote, bali zile ambazo mtu mmoja mwenye kadi na kalamu aliwahi kuzizuia zisiruke, akaeleza kwa nini, na akasikilizwa.